Stelingi wa kutoka Mbulu

Nimekuwa kimya kama wiki tatu hivi. Kuna walioniandikia kuuliza kama nimefungwa au nimeoa, teh teh teh! Hakuna hata kimoja. Mhariri alinituma Manyara kufuatilia habari za bei ya vitunguu saumu, na mimi nikaona nikishafika Babati haina maana kugeuza bila kupanda kwetu Masieda kumwona bibi. Kwa hiyo vitunguu vilichukua siku mbili na bibi akachukua siku zilizobaki. Mhariri kama unasoma hapa, nisamehe.

Ninachotaka kuwasimulia kimetokea kwenye basi la kurudi Arusha. Kondakta aliwasha ile runinga ya mbele, akachomeka flashi yenye komedi. Mnazijua hizi. Mlinzi wa getini, shuka jekundu, rungu, viatu vya matairi. Bosi anamwambia hiki, yeye anaelewa kile. Anaongea Kiswahili ambacho hakuna mtu yeyote duniani anakiongea. Anazabwa kibao, anaanguka, anainuka, anazabwa kingine. Basi zima linacheka, na mimi nikiwemo, sikatai. Pembeni yangu alikaa mzee mmoja, koti zito la baridi ya kwetu na fimbo katikati ya magoti. Akanigusa bega.

"Kijana, huyo ni nani?"

"Ni mchekeshaji tu, mzee."

"Anatoka wapi?"

"Nafikiri Dar es Salaam."

"Sasa anaongea kama nani?"

Nikakosa jibu. Mzee naye hakulingojea, akavuta kofia usoni akalala mpaka Makuyuni. Mimi ndiye sikulala. Nimekuwa nalo swali hilo tangu siku ile, ndiyo maana leo sitaandika habari za siasa wala za bei. Leo naongea kama shabiki, maana kabla sijawa mwandishi wa habari nilikuwa mtu wa mikanda, tena sugu.

Na shabiki sugu ametengenezwa kwenye kibanda umiza. Kwetu kilikuwa kimoja. Mabati, mabenchi ya magogo, jenereta nje inayopiga kelele kuliko sinema yenyewe, na deki iliyofunikwa kitambaa cha kusuka kama vile ni mgeni wa heshima. Ukiwa huna hela unachungulia kwenye tundu la msumari. Nimeangalia "Commando" ya Schwarzenegger nusu nzima kwa jicho moja la kulia. Sheria za pale ndani kila mtu alizijua. Stelingi hafi. Adui mkubwa hufa mwisho, na afe kwa kuteseka. Na kuna yule rafiki wa stelingi, mchangamfu, anayeonyesha picha ya mchumba wake mapema: huyo usimzoee, hafiki mbali.

Mikanda mingine ilikuja ikiwa imetafsiriwa. Hapa lazima nimtaje Derek Mukandala, yule tuliyemjua kwa jina la Lufufu. Alikuwa anaweka sauti yake ya Kiswahili juu ya filamu za nje, "Titanic" ikiwa mojawapo, na kwa muda mrefu utotoni nilikuwa na hakika kwamba Wazungu wote wa kwenye mikanda wanajua Kiswahili ila wanaringa. Wakenya wana DJ Afro wao, Uganda wana kina VJ Jingo. Najua wenzangu wasomi watakuja na habari za hakimiliki. Nakubali, mwenye filamu hakuombwa ruhusa, na sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 ilikuwepo. Lakini naomba mnielewe kitu kimoja. Yule mtu aliichukua filamu iliyotengenezwa bila kufikiria kabisa kwamba kuna binadamu anaishi Masieda, akaigeuza ikawa inaongea na sisi.

Na kwetu kulikuwa na hatua ya tatu. Mwenye kibanda, usiku wazee wakija, aliisimulia tena kwa Kiiraqw. Kiingereza kinatoka kwenye spika, Kiswahili cha mtafsiri juu yake, na yeye amesimama pembeni ya skrini na tochi anamalizia. Wazee wakawa wanaitikia! Kwa wasiojua, Wairaqw tuna kitu kinaitwa slufay, maneno ya baraka ambayo mzee huyasema mbele ya kikao, na kikao kinaitikia kwa pamoja. Basi wazee wetu walimwitikia Rambo vilevile. Anaingia msituni, wanaitikia. Analipua helikopta, wanaitikia. Nimeshakaa kwenye kumbi za sinema za Dar zenye viyoyozi na bisi za bei ya kilo mbili za nyama, na sijawahi kuona watazamaji waliokuwa ndani ya filamu kama wale.

Sasa twende kwenye uchungu. Katika mikanda yote ile, ya Kimarekani, ya Kihindi, ya Kichina, ya Kinigeria na baadaye ya kwetu wenyewe Bongo, sikuwahi kumwona mtu wa kwetu hata mmoja. Na sikuona ajabu. Mtoto unafikiri sinema ni kitu cha watu wengine, kama bahari.

Runinga nilianza kuiona sawasawa nilipohamia kwa shangazi Babati kwa ajili ya sekondari. Kwa shangazi kulikuwa na Isidingo kwenye ITV, na wakati wa Isidingo hata mgeni haamkiwi. Shangazi alimchukia Barker Haines kuliko alivyomchukia mwenye nyumba wake. Nilichojifunza kwenye Isidingo ni kwamba Waafrika wa mgodini, watu wa kawaida kabisa, wanaweza kuwa na siri, na mapenzi, na wivu, na mipango mibaya ya miezi sita. Yaani wana akili. Kisha tunageuza chaneli tunakuta kazi za nyumbani, na mtu wa kijijini ni yuleyule: mchawi, mama mkwe mchonganishi, hausigeli aliyetoka bara na kimfuko cha rambo, au mlinzi. Hausigeli anaruhusiwa kulia. Mlinzi anaruhusiwa kuchekesha. Zaidi ya hapo mkanda unarudi Mbezi Beach kwenye sofa.

Nisiwe mnafiki, Bongo Movie niliipenda na bado naipenda. Alipofariki Steven Kanumba, Aprili 2012, nilikuwa kidato cha pili, na bweni la wasichana lililia usiku kucha kama vile kafa kaka yao. Kanumba mwenyewe alikuwa mtoto wa Shinyanga! Mtu wa bara kabisa, aliyefika Dar akavaa suti, akaigiza na Wanigeria, akawa The Great. Nimejiuliza mara nyingi ingekuwaje kama angeishi, akafika umri wa kuchoka suti, akarudi Shinyanga na kamera. Basi, tumuache apumzike.

Tuje kwangu mimi. Mwaka wa kwanza chuo, chumba cha watu sita. Wenzangu walipojua natoka Mbulu wakaniambia, "Hebu ongea kama mlinzi wa kwenye komedi." Mlinzi wa kwenye komedi ni Mmasai, mimi Mwiraqw, lugha hizi hazina undugu hata wa mbali, lakini nani anajali. Nikaongea. Jamani, niliongea vizuri! Walicheka mpaka wakagonga vitanda. Ikawa ndiyo kazi yangu, kila akija mgeni naitwa. Miaka mitatu. Hakuna aliyenilazimisha, na ukweli ni kwamba nilipata marafiki na hata chipsi za bure kwa ajili ya ile sauti. Kitu ambacho sikuwahi kuwaambia ni kwamba baba yangu mdogo, aliyelipa sehemu ya ada yangu, alikuwa mlinzi wa usiku Arusha.

Huyo baba mdogo ndiye alinifundisha tofauti moja ambayo vitabu vya chuo havikunifundisha. Alikuwa anampenda mno Mr Ebbo. Wa umri mdogo huenda hamumjui: Abel Loshilaa Motika, Mmasai halisi, aliyetoka na "Mi Mmasai" mwanzoni mwa miaka ya 2000 na kuifanya nchi nzima icheke. Alifariki Desemba 2011. Nikiwa likizo nilimkuta baba mdogo anausikiliza wimbo ule kwenye redio ndogo, anacheka mpaka anafuta machozi. Nikamuuliza mbona kwenye komedi za runinga hacheki, na huyu naye si anachekesha kwa lafudhi ileile? Akanitazama kama vile ada yake imepotea bure. Akasema, "Huyu anajisemea. Wale wanasemewa."

Nimeandika makala nyingi tangu nianze kazi na sijapata sentensi kama ile.

Muziki kwa kweli ndiyo umetutendea haki zaidi ya filamu, na nitabishana na yeyote. Chukua X Plastaz wa Arusha. Walimpandisha Merege, Mmasai, akaimba kwa sauti ya kimila juu ya biti, na mwaka 2004 albamu yao ya "Maasai Hip Hop" ikatoka Ulaya. Hawakumvalisha shuka ili achekeshe. Alikuwa ndiye uti wa mgongo wa wimbo. Chukua Saida Karoli, alikuja na Kihaya chake cha Bukoba mwaka 2001, na Masieda nzima tuliimba "Maria Salome" bila kuelewa mengi. Watoto tulibuni maneno yetu, mengine siyo ya kuandika hapa. Miaka 15 baadaye, 2016, Diamond na Rayvanny wakaurudia, ikawa moto tena. Hakuna aliyesema Kihaya ni cha kuchekea. Sikio la Mtanzania ni pana jamani, ni jicho ndilo limefundishwa vibaya.

Kwenye gemu sina la kusema sana. Pale Babati tulicheza mpira wa Plei steshen kwa kulipia mechi, Chelsea ikiitwa "London FC" kwa sababu ya mambo ya leseni, na Taifa Stars haipo hata kwa jina la kubandikwa. Kulikuwa na jamaa aliyekuwa anakaa nusu saa anaunda mchezaji wake mwenyewe, sura yake, jina la Kibarbaig, anamsajili Brazil. Tukamcheka. Leo naona alikuwa mbele yetu wote.

Mnaweza kusema, si Wabongo peke yao. Kweli, Wazungu walianza zamani. Kuna filamu inaitwa "Hatari!", ya 1962, ya Howard Hawks, stelingi John Wayne mwenyewe. Imepigwa hukuhuku kaskazini, Momella na maeneo ya jirani, Tanganyika ikiwa inakaribia uhuru. Nilipoipata chuoni kwenye diski ya rafiki nilikaa chini kwa heshima zote, nikisema leo namwona babu. Wadau, ni saa mbili na nusu za kukimbiza vifaru na twiga kwa gari ili wapelekwe kwenye zuu! Na kama unapenda magari na vumbi ni filamu tamu, sitadanganya, zile mbio za faru ni za kweli na zinatisha mpaka leo. Lakini wenyeji wamo kama miti ilivyomo. Wanapata nafasi pale wanapompamba yule dada wa Kiitaliano, Elsa Martinelli, na kumwita Mama Tembo. Wanyama wale wachanga watatu wamepewa hadithi ndefu kuliko Waarusha wote.

Halafu "The Gods Must Be Crazy" ya mwaka 1980, ya Jamie Uys. Nani hajaicheka ile? Chupa ya Coca-Cola inaanguka kutoka angani na Msani anakwenda kuitupa mwisho wa dunia. Sauti ya msimulizi inatuambia kwamba watu wale hawajawahi hata kusikia kuna dunia nyingine. Ukweli ni kwamba N!xau, aliyeigiza, alitoka eneo la Tsumkwe, Namibia, ambako miaka hiyohiyo Wasani walikuwa wamekusanywa makazi ya serikali na jeshi la Afrika Kusini lilikuwa linawaandikisha vijana wao vitani. John Marshall alipiga filamu ya kweli kuhusu watu wale, nayo ikatoka 1980 vilevile. Nani ameiona? Mimi mwenyewe nimeiona nikiwa mtu mzima.

Hilo linanigusa kwa sababu majirani zetu ni Wahadzabe wa Yaeda Chini. Ukifungua YouTube leo utawakuta, mamilioni ya watazamaji, mgeni kaja na kamera tatu anakula nyama ya nyani na kujishangaa mwenyewe. Nilisoma shule ya msingi na Mhadzabe mmoja. Alikuwa anatuzidi hesabu na ni Yanga damu, Yanga ikifungwa hali. Kila ninapokutana na video hizo namtafuta yeye ndani yake, na huwa simwoni, kwa sababu mtu anayekasirika Yanga ikifungwa hauzi kwenye video za namna ile. Lazima awe ametoka pangoni asubuhi.

Majina yenyewe tunayoitana tumeyachukua bila kuuliza. Wadatoga mpaka leo magazetini, na kwetu humo chumba cha habari, utasikia "Wamang'ati". Hilo ni neno la Kimasai, maana yake maadui. Yaani tumeshawaita adui kabla mkanda haujaanza. Stelingi atatokea wapi hapo?

Sasa nafika kwa mtu wangu.

Oktoba 20, 1968, Mexico City, mbio za marathoni za Olimpiki. Mji uko juu zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari. Walianza wanariadha 75. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Zawadi zikatolewa, watu wakaanza kuondoka, jua likazama. Zaidi ya saa moja baada ya Wolde, akaingia uwanjani Mtanzania mmoja, mguu umefungwa bendeji, anachechemea. Alikuwa ameanguka kwenye msukumano karibu na kilomita ya 19, goti likateguka. Alimaliza wa 57, na waliomaliza walikuwa 57. Wengine 18 waliacha njiani. Saa 3, dakika 25 na sekunde 27. John Stephen Akhwari, mtu wa Mbulu.

Picha zile za video zipo, na zimezunguka dunia, hasa kwa kazi ya Mmarekani mmoja mtengeneza filamu za Olimpiki, Bud Greenspan. Zitafuteni. Ni dakika chache tu. Taa za uwanja, watu wachache waliobaki wanasimama kupiga makofi, na yeye anakwenda. Hageuki kuwatazama. Ukiangalia vizuri, kuna hatua anazokimbia na kuna hatua mguu unakataa anatembea, kisha anakimbia tena. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, akajibu kwamba nchi yake haikumtuma maili zote zile kuanza mbio, ilimtuma kuzimaliza.

Mimi kama shabiki nawaambia hivi: katika mikanda yote niliyoangalia tangu lile tundu la msumari, hakuna stelingi aliyenikaa kama huyu. Na hakuna mtu anayemchekea. Hana rungu, hana lafudhi ya kutungiwa. Ndiyo ile tofauti ya baba mdogo: kwenye zile dakika mtu wa Mbulu anajisemea, na dunia inasimama.

Ila nina ugomvi hata na hizo dakika. Tumezigeuza bango la semina. Kila mkufunzi wa ujasiriamali anazitumia kukuambia usikate tamaa, kisha anakuuzia kitabu. Hakuna anayetaja kwamba miaka miwili baadaye, 1970, kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola Edinburgh, Akhwari aliingia wa tano kwenye marathoni. Wa tano! Alikuwa mkimbiaji hasa, siyo mtu wa huruma. Wala hakuna anayeuliza alikulia wapi, nyumbani walikuwa wanakula nini, aliporudi kutoka Mexico alipokelewa na nani. Hiyo ni filamu ya saa mbili imekaa inasubiri, na sisi tumebaki na zile dakika chache tulizopewa na Mmarekani.

Safari hii nilimwonyesha mpwa wangu na wenzake kwenye simu, nje kwa bibi, baridi inauma. Mpwa ana miaka minane. Akauliza, "Huyu ni wa hapa?" Nikasema ndiyo, wa Mbulu. "Alishinda?" Hapana, alikuwa wa mwisho. Wakatazamana. "Sasa stelingi gani huyo, mjomba?" Nikacheka, maana kwa sheria za kibanda umiza wana haki kabisa. Nikawaambia stelingi hafi, na huyu hakufa. Wakaomba niirudie. Tuliirudia mpaka chaji ikaisha, na kesho yake walikuwa wanakimbia kuzunguka zizi huku mmoja amejifunga kitambaa gotini, wanagombania nani awe Akhwari. Nashukuru pia Septemba 2025 Alphonce Simbu wa jirani zetu Singida alichukua dhahabu ya dunia Tokyo kwenye marathoni, kwa kupishana hatua ya mwisho kabisa ya mstari, kwa hiyo sasa wana na wa kwanza wa kuigiza.

Mara ya mwisho runinga zote zilipojaa kwetu ilikuwa Desemba 2023, tope liliposhuka kutoka Mlima Hanang na kuizika sehemu ya Katesh, watu zaidi ya 80 wakafariki. Nilikuwa miongoni mwa walioandika. Tulikuja na kamera nyingi sana, tukahoji waliopoteza watoto, tukaondoka. Sioni aibu kwa kazi ile, ilibidi ifanyike. Naona aibu kwamba ilibidi mlima uanguke.

Kwa sababu hadithi zipo. Kule Hanang, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, serikali kupitia NAFCO na msaada wa Kanada ililima ngano kwenye malisho ya Wabarbaig, ikafika ekari laki moja hivi. Matrekta yakapita hata juu ya makaburi ya wazee wao, yale ya vichuguu vya udongo. Wanakijiji wa Mulbadaw wakaenda mahakamani. Mwaka 1984 Mahakama Kuu ikawapa ushindi, mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaupindua. Mfugaji anayesimama kizimbani kuishtaki serikali, anashinda, halafu ananyang'anywa. Hollywood wangeitengeneza mara tatu! Au Wahadzabe wa Yaeda: 2007 kampuni ya uwindaji yenye fedha za Uarabuni ilitaka bonde lao, ikajiondoa baada ya kelele, na 2011 wakapata hati za kimila za ardhi yao. Hapo adui yupo, stelingi yupo, na mwisho mzuri upo kabisa, kitu ambacho Bongo Movie inakipenda.

Lakini hata siyo lazima ziwe nzito hivyo. Mimi ningefurahi kuona mkanda mmoja wa mapenzi tu. Kijana wa Kiiraqw na binti wa Kibarbaig, wazee hawataki, ng'ombe hawatoshi, simu haina mtandao mpaka upande kilimani, na kilimani kuna foleni ya wapenzi wengine wanaotafuta mtandao. Waongee wanavyoongea, maneno ya Kiswahili yaandikwe chini. Na kama mlinzi lazima awepo, basi awepo, ila tumfuate asubuhi anapomaliza zamu, tuone anakwenda wapi na anamtumia nani hela.

Najua humu mna watu wenye kamera nzuri, na wengine mmesomea kabisa haya mambo. Barabara ya lami inafika Babati, kuanzia hapo nitawaongoza mwenyewe. Lugha zote tatu nitawatafutia wakalimani, na bibi ameshasema wageni walale kwake. Nauli juu yenu, nyama choma ya Babati juu yangu. Chumvi na pilipili mtanunua wenyewe, mshahara wa mwandishi mnaujua.